Jina la Semahoro Kwenye Karatasi ya Kura

Mama Semahoro amegombea kiti cha Bunge la jimbo la Ohio mara tatu, na mara zote tatu ameshindwa. Mara mbili kati ya hizo kosa ni langu. Nalisema mapema ili asitokee mtu mwingine wa kulisema kwa niaba yangu, maana Columbus hii haikosi watu wenye midomo.

Mimi naitwa Adolphine, mzaliwa wa Bukavu. Mama Semahoro ni wa kule juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, Mnyamulenge, mtu wa ng'ombe na maziwa. Kwetu huko labda tungetazamana kwa jicho la pembeni. Hapa tulikutana katika nyumba ya kutunzia wazee, tukimgeuza kitandani bibi mmoja wa Kimarekani wa kilo mia na ishirini, yeye kwenye mabega, mimi kwenye miguu, na tangu siku hiyo tumekuwa ndugu. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na minne. Kabla ya kumvisha mzee soksi hupiga magoti, halafu humwomba ruhusa. Nimemwona akimwomba ruhusa hata mzee ambaye hasikii tena neno lolote.

Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa Espérance Nyiramahirwe. Hakuna aliyelitumia. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linafungiwa kabatini, anaitwa mama wa mzaliwa wake wa kwanza, na basi. Alikuwa Mama Semahoro kambini Burundi, akawa Mama Semahoro Louisville, mahali walipofikia kwanza, akabaki Mama Semahoro alipohamia hapa. Waumini wa kanisa letu wametoka kambi mbalimbali. Wapo waliokaa naye benchi moja miaka kumi bila kujua baba yake alimpa jina gani.

Semahoro mwenyewe nilimjua vizuri. Alikuwa kijana mrefu, mzito wa kuamka, mwepesi wa kucheka. Alipiga gitaa kanisani, na kila mara alianzisha wimbo juu mno, sisi akina mama tukabaki tunapiga mayowe badala ya kuimba. Alipofika miaka ishirini na miwili alipata kazi ya muda kwenye ghala moja, kushusha mizigo ndani ya matrela ya bati, mwezi wa saba, wiki ile ya joto kali. Siku ya tatu alisema kichwa kinamzunguka. Akaambiwa amalize trela kwanza. Akakaa chini. Wenzake wanasema zilipita dakika arobaini kabla ambulensi haijaitwa, kwa sababu msimamizi wa zamu alikuwa anatafuta nani mwenye ruhusa ya kuita. Kijana akafia njiani.

Miezi ikapita, ikaja ripoti. Kiingereza changu kina afadhali kidogo kuliko chake, kwa hiyo niliisoma mimi, mezani kwake. Kurasa sita. Iliandika uzito wa mizigo, namba ya trela na namba ya mlango, mlango wa kumi na saba. Semahoro ilimwita "mfanyakazi wa muda, mwanamume, miaka 22". Niligeuza kurasa zote nikitafuta jina.

"Jina yake haiko?" akaniuliza.

"Haiko."

"Na ile sheria ya joto, banasema nini?"

Nikamsomea mstari wa mwisho. Ulisema hakuna sheria ya jimbo iliyovunjwa. Haikuvunjwa kwa sababu haipo, ndivyo nilivyomweleza, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimweleza kwa sauti kama ni yeye aliyekosa.

Aliikunja ripoti, akairudisha kwenye bahasha yake. Halafu akasema, "Donc, hapa Ohio nani anaandikaka sheria?"

Hivyo ndivyo alivyoingia siasa. Wengine wameniuliza nani alimtuma. Hakutumwa na mtu.

Kuna jambo jingine lililotokea miezi hiyo, na bila kulijua hutamwelewa. Watu wa kwao, mama akifiwa na mzaliwa wake wa kwanza, huacha kumwita kwa jina la marehemu. Ni huruma, wasimtoneshe kidonda. Wanahamia kwa mtoto anayefuata. Basi kanisani wakaanza kumwita Mama Kamikazi, kwa jina la binti yake. Walisema polepole, kwa upole, na yeye hakuitika. Mchungaji alimwita hivyo mara tatu siku moja mbele ya waumini, akabaki ameketi anatazama mikono yake. Nami nilijaribu, kazini, asubuhi moja. Alinitazama hadi nikaona aibu.

"Karatasi ilishamukataa," akaniambia. "Sasa na nyie?"

Nikaelewa. Alitaka sheria, ndiyo. Lakini kabla ya sheria alitaka mtoto wake awe na jina mahali fulani, midomoni mwa watu au kwenye karatasi yenye mhuri.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Anayetaka kugombea lazima apeleke ofisi ya uchaguzi sahihi hamsini za wapiga kura wa chama chake wanaoishi katika eneo analogombea. Fomu nikazichukua mimi, nikazunguka. Kwa Mmarekani mlangoni ni dakika mbili. Kwa mtu wetu unaketi, unapewa chai ya maziwa, unaulizwa habari za wa Louisville na wa Buffalo, mnasali, ndipo unatoa karatasi. Nyumba moja ilinimalizia Jumamosi nzima.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Rutebuka, mzee wa kanisa, mwenye miaka zaidi ya sabini. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akaandika jina lake, la mke wake, la wanawe wawili, la wakwe zake, hadi mistari tisa, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani. Sikushangaa hata kidogo. Kambini, siku ya posho, mkuu wa familia ndiye anayesaini kwa ajili ya kadi nzima, na asiposaini yeye hamli. Nilimsifu mwandiko. Nyumba nyingine tatu zikafanya vilevile. Nilirudi na sahihi sitini na nne, nikaweka yangu chini kuthibitisha kwamba nilimwona kila mtu akisaini kwa mkono wake mwenyewe. Maneno hayo nilikuwa sijayasoma.

Mama wa ofisi ya uchaguzi alikuwa mpole. Aliweka rula juu ya karatasi, akashuka nayo mstari kwa mstari, akituonyesha mwandiko mmoja ukirudia, na mwingine ukirudia. Zilipobaki sahihi halali ishirini na tatu tu akasimama. Akasema anasikitika, tujaribu tena baada ya miaka miwili.

Ndani ya gari nililia. Mama Semahoro ndiye aliyenibembeleza mimi, fikiria.

"Bon. Tutangoja," alisema. "Pita tu kwa ile njia ya uwanja wa ndege."

Nilijua anataka nini. Nikapita polepole mbele ya lile ghala. Mlango wa kumi na saba ulikuwa wazi, kuna trela limeegeshwa, na mtu ndani yake anavuta maboksi.

Miaka miwili baadaye sahihi zilitimia, kila mtu na mkono wake, nami nilikuwa mkali kama askari wa mpakani. Mama Semahoro alitembea mitaa yetu yote, kisha akatembea kitongoji cha Gahanna, kwenye zile nyumba zenye nyasi zilizokatwa sawasawa, baada ya zamu, akiwa bado na viatu vya kazi. Kamikazi alikuwa amemfundisha sentensi tano za Kiingereza. Kijana wangu alikufa kazini. Kulikuwa na joto kali. Waliita ambulensi baada ya dakika arobaini. Nataka sheria ya maji, kupumzika na kuita msaada. Naomba kura yako. Wengine walifunga mlango kwa adabu. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kiti akampa akae.

Ndugu hawakukaa kimya. Kundi la simu la Louisville lilijaa maombi na mikono iliyokunjwa, watu mia tatu, na hata mmoja hakuwa na kura Ohio. Kaka yake Karekezi aliendesha gari kutoka Riverside, kule Buffalo, na wanaume wanne waliovaa suti, wamekuja kumpigia dada yao kura. Ilinibidi niwaeleze kwamba kura haihamishwi hivyo. Walikasirika, kisha wakakubali kuwa madereva wa wazee.

Na hapa ndipo kosa langu la pili. Nilikuwa na uraia, lakini kura ya Marekani nilikuwa sijapiga hata siku moja. Kura niliyoijua ni ya Bukavu, ile karatasi kubwa kama shuka, yenye sura za wagombea wote. Kwa hiyo kila aliyeniuliza afanye nini huko ndani nilimjibu kwa kujiamini: "Wee ingia tu, utaona sura yake, weka alama." Mabango yetu yalikuwa na picha yake kubwa. Watu walitazama picha. Nani angehangaika kusoma maandishi?

Ulikuwa uchaguzi wa mchujo wa chama, na kwa eneo letu anayepita mchujo ndiye anayepata kiti. Wa kwanza kutoka ndani alikuwa mama yake Zéphyrin, jirani yangu.

"Mi nilitafuta sura, haiko," akasema. "Nikatafuta Mama Semahoro, haiko. Kuko tu majina ya Wamerika na moja Espérance. Nikaacha."

Nilikimbilia mlango, lakini ndani hairuhusiwi kusema habari za mgombea. Nikapiga simu kama kichaa. Wengi walikuwa wameshapiga kura, wameshaingia zamu, simu zimefungiwa kabatini. Mama Semahoro alishindwa kwa kura thelathini na nane. Wiki iliyofuata nilizunguka nikiwahesabu wale ambao hawakumwona. Walikuwa hamsini na mmoja.

Sikulala wala sikula vizuri mwezi mzima. Nilikwenda kumwomba msamaha kwa magoti, akaninyanyua, akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Haukukosa. Batu walitafuta jina yenye wananijua nayo. Walitafuta Semahoro." Akaniketisha kitini. "Ndani mule, wote walimutafuta mtoto yangu."

Kuanzia hapo wazo lilimshika. Mgombea anaandikwa kwa jina lake la kisheria, na jina la kisheria hubadilishwa mahakamani. Angeliacha Espérance, ambalo karani wa shule ya misheni alimpa kwa sababu alishindwa kuandika lile refu. Nyiramahirwe, alilopewa na baba yake, lingebaki. La mwisho lingekuwa Semahoro.

Habari zilipofika kanisani, Mzee Rutebuka alikuja nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada, na wazee wawili nyuma yake. Nilikuwepo, nikimimina chai. Alizungumza kwa heshima, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

"Mama Kamikazi, kwetu jina haifwataki mutu. Kila mutoto anapewa yake, na akienda, anaenda nayo. Mama hawezi kuvaa jina ya mutoto. Ni kugeuza dunia. Na tena ni jina ya mufu. Utaitundika inje, kwa mabango, mvua inyeshee?"

"Mzee," akasema Mama Semahoro, "ilishanyeshewa."

"Unatutonesha sisi wote."

Hapo Kamikazi, aliyekuwa mlangoni, akaingia. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa kawaida mama yake akimwuliza jambo hujibu kwa Kiingereza hata kama ni chumvi iko wapi. Siku hiyo alisema Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Mzee, msimwite mama kwa jina yangu. Mi niko hai. Naweza kungoja."

Mzee Rutebuka aliweka kikombe chini. Waliomba sala fupi wakaondoka, na miezi mingi hakuja tena.

Hakimu alimwuliza sababu ya kubadilisha jina. Mkalimani alikuwa ameandaliwa, lakini alijibu mwenyewe kwa Kiingereza chake cha sentensi tano, ambacho kilikuwa kimefika labda thelathini. Alisema ndivyo watu wanavyomwita, na anataka wakimtafuta wamwone. Hakimu akapiga mhuri. Tulipotoka nje aliishika ile karatasi kwa mikono miwili hadi kwenye gari, na mkanda nilimfungia mimi.

Mara ya tatu, basi, mabango hayakuwa na picha. Yaliandikwa NYIRAMAHIRWE SEMAHORO, na nilikwenda nyumba kwa nyumba na mfano wa karatasi ya kura, nikiwaonyesha wazee mstari kwa kidole. Kanisa lilikuwa limegawanyika. Wengine walikubali, wengine walisema wataangalia Mzee Rutebuka atafanya nini.

Siku ya kura alifika saa nne asubuhi, na koti lake la ibada, bila kutusalimia. Tulikuwa tumesimama umbali unaoruhusiwa, Mama Semahoro na mimi. Aliingia. Watu waliingia baada yake na kutoka, naye bado. Nilianza kuhofu ameugua. Hatimaye akatoka, kofia mkononi, akaja moja kwa moja hadi mbele ya Mama Semahoro.

"Nilimuona," alisema. "Iko pale, imeandikwa muzuri. Semahoro." Akafuta macho kwa kofia. "Ndiye alikuwaka ananisindikiza na gari kwa daktari. Nilimusahau, mama. Nilijikaza nimusahau."

Mama Semahoro alimshika mikono, wakalia wote wawili hapo kwenye maegesho, na Wamarekani wakawapita kwa kuinamisha vichwa, wakidhani ni mambo ya siasa.

Alishindwa kwa kura mia moja na kumi na mbili. Mpinzani wake alikuwa amejipanga vizuri zaidi safari hiyo, na sina wa kumlaumu, hata mimi mwenyewe. Iliniuma sana. Ningependa kukuambia kwamba haki ilipatikana, lakini haikupatikana. Sheria ile bado haipo, na mwezi wa saba utarudi na joto lake.

Wiki chache baadaye tulikwenda ofisi ya uchaguzi kuchukua nakala ya matokeo rasmi. Mama yule mpole mwenye rula alituchapia ukurasa, akaupiga mhuri. Mama Semahoro akanipa.

"Soma kwa sauti."

"Semahoro," nikasoma. "Kura elfu tatu, mia tisa na sita."

"Tena."

Nikasoma tena. Alihesabu kitu kichwani, akasema watu elfu tatu mia tisa na sita walishika kalamu, wakalitafuta jina la mtoto wake, wakaweka alama pembeni yake. Nyumbani alifungua bahasha ya ile ripoti ya kurasa sita, akauweka ukurasa wenye mhuri juu yake, akaifunga. Sijamwona akiifungua tena.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alisimama mbele ya waumini akasema fomu za sahihi zimetoka tena. Mimi nilikuwa nazo mkobani lakini niliogopa kuzitoa, maana watu wamechoka, na yeye amechoka, nimeona magoti yake yanavyouma akimvisha mtu soksi. Ndipo Mzee Rutebuka akainuka kwenye benchi la mbele.

"Mama Semahoro," aliita, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Leta karatasi."

Aliitika mara moja, nami nikazipeleka fomu mbele. Mzee alivaa miwani, akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, akaishia hapo. Kisha akamgeukia mke wake, akampa kalamu. Bibi yule hakuwa ameandika jina lake mbele ya watu tangu nimjue. Aliishika kalamu kwa ngumi, akaanza herufi ya kwanza, na sisi wote tukangoja hadi akamaliza.